Kupima maji ya ardhini ukanda mkavu wa Uganda: setilaiti ipi, na kisima kibaki na kazi gani?

Tangu pampu za sola zianze kusambaa katika ukanda wa ng'ombe, ile nchi kavu inayoanzia Isingiro na Kiruhura kusini-magharibi mwa Uganda, ikapita Sembabule na Nakasongola hadi Karamoja kaskazini-mashariki, ugomvi wa maji umepata sura mpya. Pampu ya dizeli huvuta mpaka mafuta yaishe, na mafuta hununuliwa. Jua halinunuliwi. Mwenye shamba la matoke anaweza kuvuta maji kutwa nzima, na jirani anayeteka kwa pampu ya mkono huanza kujiuliza: kisima chetu kinakauka kwa ukame, au kwa yule bwana?

Hapo ndipo huzuka mtu mwenye habari za setilaiti. Anaonyesha ramani yenye rangi nyekundu kwenye simu, anasema maji ya ardhini yanaonekana kutoka angani siku hizi, na kwamba kuteremsha kamba kisimani ni mambo ya zamani. Setilaiti zipo, na data zake nyingi ni za bure. Tatizo ni kwamba kila moja huona kitu chake, kwa ukubwa wake, na anayechagua kwa kufuata umaarufu ataishia na chombo kilichotengenezewa nchi isiyofanana na yetu.

Kabla ya kulinganisha, tuangalie tumekaa juu ya nini. Sehemu kubwa ya Uganda imelala juu ya mwamba mgumu wa kale sana. Maji yamo katika tabaka la mwamba uliooza likawa mchanganyiko wa udongo na changarawe, na katika nyufa za mwamba mzima ulio chini yake. Hakuna ziwa huko chini. Kisima kimoja hutoa maji mwaka mzima, na kingine kilichochimbwa hatua chache kutoka hapo hutoka kikavu. Nafasi za kuhifadhi maji katika tabaka hilo ni chache, mara nyingi asilimia chache tu za ujazo wake. Shika hiyo asilimia, tutaihitaji.

Setilaiti za mvutano: GRACE na mrithi wake

Hizi ndizo zenye jina kubwa. Marekani na Ujerumani walirusha GRACE Machi 2002: setilaiti mbili zinazofuatana katika njia moja, zikiachana kwa takriban kilomita 220. Ya mbele ikikaribia mahali penye uzito zaidi huvutwa ikajitenga kidogo na mwenzake, kisha ya nyuma nayo huvutwa ikaifuata. Mabadiliko ya umbali huo hupimwa kwa usahihi wa sehemu ndogo ya unene wa unywele mmoja. Kutoka hapo hukokotolewa uzito ulioongezeka au uliopungua kila mwezi, na kwa kuwa milima haihami, uzito unaobadilika haraka hivyo kwa sehemu kubwa ni maji. GRACE ilikoma 2017, na GRACE-FO ikarushwa Mei 2018. Katikati kuna pengo la miezi ambalo mchoro wowote mwaminifu unapaswa kulionyesha.

Sifa zake zilipatikana kwa haki. Mwaka 2009 Matthew Rodell na wenzake walionyesha kwamba majimbo ya Rajasthan, Punjab na Haryana huko India yalipoteza kilomita za ujazo 109 za maji ya ardhini kati ya 2002 na 2008. Ndiyo maana kila anayetaka kuuza huduma ya setilaiti huanza na hadithi ya India. Ila eneo lile ni pana mno, na mamilioni ya wakulima wanavuta maji mwelekeo mmoja, miaka nenda miaka rudi, kwa ngano na mpunga.

Sasa lete chombo hicho Moroto, huko Karamoja. Kwanza, setilaiti hizi hutofautisha vizuri maeneo yanayozidi kilomita za mraba laki moja. Uganda nzima, pamoja na maziwa yake, ni kama 241,000. Karamoja, wilaya zote tisa kwa pamoja, haifiki 30,000. Anayekwambia GRACE imeona maji yakishuka Kotido na si Kaabong anakuuzia rangi. Ni sawa na kupima lori zima kwenye mizani ya barabarani ili ujue kama abiria mmoja ameshiba.

Pili, tuna Ziwa Viktoria. Lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, kwa hiyo likipanda mita moja tu, kilomita za ujazo zipatazo 69 za maji zimeongezwa mlangoni petu. Kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020 lilipanda zaidi ya mita moja, likaivuka hata rekodi ya 1964. Setilaiti ya mvutano haijui kama uzito huo uko ziwani au chini ya shamba lako Isingiro, na sehemu ya uzito wa ziwa humwagikia kwenye hesabu ya nchi kavu inayolizunguka. Kinyume chake kilitokea 2003 hadi 2006, ziwa liliposhuka kwa ukame na kwa maji mengi kuachiliwa kupitia mabwawa ya umeme ya Jinja. Watafiti walioupima upya mfano huo, Mohammad Shamsudduha na Richard Taylor wakiwamo, walikuta upungufu wa maji katika bonde la Ziwa Viktoria umetawaliwa na ziwa lenyewe, na hesabu ya maji ya ardhini ikabaki na mashaka makubwa.

Tatu, ile asilimia. Chukua tabaka linaloweza kuhifadhi asilimia 2 ya ujazo wake. Maji ya visima yakishuka mita moja kamili eneo zima, kinachopungua ni kimo cha maji cha milimita 20. Kosa la kawaida la GRACE ni sentimita moja au mbili. Yaani msiba wa kijiji kizima unaweza kujificha ndani ya kosa la kipimo. Na hapo hatujatoa unyevu wa udongo, mabwawa na maji ya mabondeni, ambayo hutolewa kwa kutumia modeli za kompyuta zenye makosa yake.

Je, haifai? Inafaa kwa anayetazama bonde zima la Nile ya juu kwa miaka 20, au kwa wizara inayotaka kujua kama mabadiliko ni ya kanda nzima ya Afrika Mashariki au ni yetu tu. Kwa wilaya, achana nayo.

Kuna toleo lake jingine linalodanganya kwa urembo: ramani za ukame wa maji ya ardhini zinazotolewa kila wiki, zikiwa na miraba ya kama kilomita 25. NASA huzitengeneza kwa kuingiza data za GRACE-FO ndani ya modeli ya mvua, joto na udongo. Kazi nzuri, na ni bure. Lakini mraba mdogo haumaanishi kipimo kidogo. Undani wote unaouona kati ya gombolola (sehemu ya wilaya) na gombolola umetoka kwenye modeli, na modeli haijui kwamba mwaka jana pampu kadhaa za sola zilifungwa kando ya Ziwa Nakivale huko Isingiro. Zitumie kama onyo la msimu. Usizipeleke kwenye kesi.

Rada ya kupima ardhi inavyobonyea, na unyevu wa udongo

Hizi mbili nazipitia haraka. Sentinel-1 ya Ulaya, iliyoanza 2014, inaweza kuona ardhi ikibonyea kwa milimita chache. Mexico City na bonde la kati la California ardhi hubonyea kwa sababu maji hunyonywa kutoka kwenye tabaka nene za udongo wa mfinyanzi, nazo zikikauka hujikunja. Mwamba wetu haujikunji. Kisima kinaweza kukauka kabisa na ardhi isisogee. Isitoshe, mawimbi ya rada hiyo huchanganyikiwa juu ya migomba inayotikiswa na upepo. Labda mtu wa bonde la Ziwa Albert, penye mashapo mazito, apate la kufanya nayo. Wengine wote, hapana.

SMAP ya Marekani, iliyorushwa Januari 2015, hupima unyevu wa sentimita 5 za juu za udongo, kwa miraba ya karibu kilomita 36. Anayepanga siku ya kupanda maharage atafaidika. Maji ya kisima chenye kina cha mita 50 hayamo humo.

Mvua: chombo kinachodharauliwa

Nikilazimishwa kuchagua setilaiti moja kwa ofisi ya maji ya wilaya, nachukua ya mvua. Haina mvuto kwenye mkutano wa wafadhili, lakini ndiyo inayojibu swali la kwanza: mwaka huu kisima kilipata kitu cha kunywa?

Zipo seti mbili za data: CHIRPS, yenye rekodi tangu 1981 kwa miraba ya kama kilomita 5, na TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading, yenye rekodi ya Afrika tangu 1983 kwa miraba midogo kidogo kuliko hiyo. Zote hukisia mvua kwa kutazama ubaridi wa vilele vya mawingu, kisha hurekebishwa kwa vipimo vya ardhini. Rekodi ya zaidi ya miaka 40 inatosha kuona kama huu kweli ni ukame au ni kusahau tu.

Ubora wake kwetu umetokana na utafiti uliofanyika hapa hapa Uganda. Mwaka 2009 Michael Owor na wenzake walilinganisha vipimo vya visima vya uangalizi vya nchini na mvua ya kila siku. Walikuta kwamba maji kupanda kisimani kunafuatana zaidi na jumla ya mvua kubwa, zile za siku zinazozidi milimita 10, kuliko jumla ya mvua yote. Hilo linabadilisha namna ya kusoma msimu. Msimu wa milimita 600 za manyunyu ya kila jioni unaweza kufurahisha maharage na kuacha kisima vile vile, ilhali msimu wa milimita 500 zilizoanguka kwa dhoruba chache ukakijaza. Mkulima analalamika kwamba mvua ilinyesha lakini kisima hakikupanda, na watu wanamtafuta mwizi wa maji, kumbe jibu liko kwenye aina ya mvua.

Kwa hiyo usiishie kwenye jumla ya mwezi. Pakua mvua ya kila siku ya mahali pako, faili lake ni dogo, hata kifurushi cha intaneti cha Amudat kitalibeba. Hesabu siku zilizozidi milimita 10, jumlisha mvua ya siku hizo tu, kisha panga miaka kuanzia mkavu hadi wenye maji. Tahadhari moja: setilaiti hutoa wastani wa mraba mzima, hivyo dhoruba iliyopiga upande mmoja wa kilima hufifishwa. Ule mpaka wa milimita 10 uutumie kulinganisha mwaka na mwaka, na kama kuna shule au kituo cha afya chenye kipimamvua, linganisha nacho kwanza.

Mvua haikwambii nani anavuta maji. Inakwambia kilichoingia tu.

Kijani cha kiangazi: nani anakunywa?

Upande wa matumizi, kuna njia mbili zinazokwenda pamoja. WaPOR, hifadhidata ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, hukadiria maji yanayopotea hewani kutoka kwenye ardhi na mimea, kwa miraba ya mita 300 barani Afrika kote, na midogo zaidi katika baadhi ya maeneo. Sentinel-2, setilaiti za Ulaya za picha, hupiga picha zenye miraba ya mita 10 kila siku chache. Shamba lililo kijani katikati ya Januari huko Napak, wakati kila kitu kimekuwa rangi ya mbuga, lina maji yanayotoka mahali fulani.

Hapa kuna hesabu ambayo kila kamati ya maji ingepaswa kuijua. Hekta moja ya mboga inayokunywa milimita 4 kwa siku inatumia mita za ujazo 40, yaani jerikani 2,000. Pampu ya mkono ya U2 hutoa karibu mita moja ya ujazo kwa saa, na ikitumika saa kumi mfululizo, hiyo ni mita za ujazo 10. Hekta moja basi inakunywa kama pampu nne za kijiji. Ukiijua idadi ya hekta za kijani cha kiangazi, una makadirio ya matumizi ambayo hakuna mwenye pampu angekuandikia kwa hiari.

Udhaifu wake uko wazi. Setilaiti haijui kama maji yale yametoka kisimani, kwenye bwawa la mifugo au kwenye kinamasi cha mafunjo. Karamoja njia hii inafanya kazi vizuri kwa sababu kiangazi ni kimoja, kirefu na kikali. Isingiro ni kazi ngumu zaidi: mvua ni misimu miwili, mawingu ni mengi, na mgomba hubaki kijani hata usipomwagiliwa. Huko utahitaji mtu anayeyajua mashamba, akae na picha, aseme hili ni la bonde, hili ni la pampu. Picha nazo ni nzito, mamia ya megabaiti kila moja, hivyo ni bora hesabu ifanywe kwenye kompyuta za mbali za Google Earth Engine kuliko kupakua.

Kamba

Hakuna setilaiti inayojua maji yamesimama mita ngapi ndani ya kisima chako. Kipimo hicho kinahitaji kamba yenye alama na kengele inayolia ikigusa maji, au kirekodi kinachoachwa ndani kikiandika shinikizo kila saa. Cha kwanza kinahitaji mtu mwaminifu, cha pili kinahitaji dola mia kadhaa na mtu wa kukipakua. Kirekodi cha kawaida hupima pia uzito wa hewa, kwa hiyo kinahitaji mwenzake wa kupima hewa juu, la sivyo utaona maji yakicheza sentimita kadhaa kwa sababu ya hali ya hewa tu.

Ugumu wake mkubwa hauko kwenye chombo. Pampu nyingi za mkono za U2 na U3 hazina tundu la kupitishia kamba, na fundi lazima afungue kichwa cha pampu. Wanakijiji hawapendi nayikondo yao, yaani pampu ya kisima, ifunguliwe ili mtu aandike namba daftarini, na siwalaumu. Suluhisho ni kutafuta kisima kilichoachwa karibu, chenye bomba bado wazi, kikawa cha uangalizi. Pima alfajiri kabla ya mtu kuteka, kila mara kuanzia alama ile ile ya rangi kwenye mdomo wa bomba. Kipimo cha saa nane mchana baada ya foleni ya jerikani kitakwambia habari za foleni.

Kamba pia ndiyo pekee inayotenganisha kisima kilichokauka na kisima kilichoharibika. Pampu ikianza kutoa hewa, kila mtu husema maji yameshuka. Mara nyingi maji yako pale pale, bali bomba la chuma limeoza kwa kutu na maji yanavujia njiani. Ukipeleka tatizo hilo kwa setilaiti, utajibiwa swali ambalo hukuuliza.

Katikati ya kamba na setilaiti kuna vihisi vya muda wa pampu kufanya kazi. Utafiti wa Evan Thomas na wenzake uliochapishwa 2019, kaskazini mwa Kenya na Afar ya Ethiopia, ulikuta pampu za visima zikifanya kazi asilimia 23 zaidi baada ya miezi isiyo na mvua, zikilinganishwa na miezi iliyotangulia yenye mvua nyingi. Turkana ni jirani wa Karamoja, na mifugo haiheshimu mpaka, kwa hiyo ningeanza kukisia kutoka hapo. Kihisi cha namna hii kinafaa visima vyenye injini au sola, si pampu za mkono.

| Njia | Eneo la chini linaloeleweka | Inajibu nini | Kwa nani |
|---|---|---|---|
| GRACE-FO | km² 100,000 au zaidi | Maji yote ya kanda, kwa mwezi | Wizara, watafiti |
| Ramani za wiki | Kanda | Onyo la ukame | Wapangaji wa misaada |
| CHIRPS, TAMSAT | Gombolola | Kilichoingia | Wilaya, vyama |
| WaPOR, Sentinel-2 | Shamba kubwa | Kinachotumika | Wilaya, watoa vibali |
| Kamba, kirekodi | Kisima | Kimo chenyewe | Kila mtu |

Ukichagua

Chama cha wakulima chenye pampu chache za sola: kamba moja, kisima kimoja kilichoachwa, na mvua ya CHIRPS. Hakuna haja ya kulipa mtu ramani. Kama serikali imechangia gharama ya pampu zenu kupitia mpango wa umwagiliaji mdogo, daftari la kimo cha maji litawalinda zaidi kuliko picha yoyote siku jirani akilalamika.

Ofisi ya wilaya yenye mtu mmoja anayejua kompyuta: mvua ya kila siku kwa kila gombolola, hekta za kijani mara moja mwishoni mwa kiangazi, na visima vichache vya uangalizi vilivyotawanywa mbali na pampu kubwa na karibu nazo pia, ili tofauti ionekane. Bila visima vya mbali hutajua kama ni ukame au ni uvutaji, na hilo ndilo swali linaloletwa ofisini.

Shirika linalohudumia makazi ya wakimbizi kama Nakivale: weka fedha kwenye virekodi na vihisi vya pampu kabla ya kulipia mshauri wa setilaiti. Mnachovuta ni kingi na kimekusanyika mahali padogo, ambako hakuna setilaiti inayotofautisha. Kwenye kamati za maji za huko utapata watu wa Kongo wanaosoma na kuandika Kiswahili vizuri. Daftari likiandikwa kwa lugha wanayoitumia, namba hazitajazwa kwa kubahatisha mwisho wa mwezi.

Wizara, yenye ofisi zake za kanda Mbarara, Mbale, Lira na Fort Portal, ndiyo yenye sababu ya kutumia GRACE, na hata hapo iende pamoja na vipimo vya ziwa na vya visima. Anayeomba kibali cha kuvuta maji kwa wingi alete kimo cha kisima cha msimu uliopita, si ramani ya mraba wa kilomita 25.

Kuhusu wakati wa kuanza: Karamoja chukua kipimo cha kwanza Machi, kabla ya mvua ya Aprili, na Isingiro mwishoni mwa Agosti, kimo kinapokuwa chini. Mwaka unaofuata rudi wiki ile ile, uanzie alama ile ile ya rangi, na kabla ya kuandika namba uliza kama pampu ya jirani ilikuwa ikifanya kazi asubuhi hiyo.